Mstari wa Kumi na Nne

Miaka kumi na tisa nimekaa dirisha la tatu,
ghorofa ya pili, chini ya kuba la bunge la jimbo,
nikipokea fomu na hundi za wagombea
huku theluji ikiumuka kizingitini kama donge la mkate.

Daktari wa meno, mtaa wa reli: dola mia mbili hamsini.
Mjane mwenye ekari za viazisukari: mia mbili hamsini.
Mhasibu, mkewe, shemejiye,
na mwanawe aliye chuoni, asiyejua hata siku ya kura:
mia mbili hamsini, mia mbili hamsini.
Kila mmoja na jina lake, anwani yake, kazi yake.
Sheria ilitaka hayo; hayo nikayapata,
nikagonga muhuri.

Lakini hundi hazina miguu.
Arobaini na moja zilifika siku moja,
zimebanwa kwa mpira mwekundu,
ndani ya bahasha moja ya kaki,
na juu yake mwandiko ninaoujua kuliko wa mume wangu:
H iliyolalia ubavu, kama uzio uliosukumwa na upepo.
Curtis Halvorsen, mshawishi wa viwanda vya sukari,
mtu wa salamu ndefu,
anayekumbuka hata jina la mbwa wangu.

Haba na haba hujaza kibaba, sikatai.
Ila kikishajaa, nani hukibeba hadi mezani?
Na mwenye meza humshukuru nani,
wenye punje, au mwenye kibaba?
Fomu haikuuliza. Ilikomea mstari wa kumi na tatu.
Bahasha ikaenda kwenye taka.

Nikaanza kuziokota.
Sikuwa shujaa. Nilizigeuza orodha za dukani:
maziwa, chumvi ya kuyeyushia barafu, dawa ya Roald.
Siku Bi. Imogen Tasker, mbunge mgeni kutoka wilaya ya migodi,
alipouliza kama kuna ushahidi,
nilimpa mia mbili na kumi na mbili,
pamoja na maziwa na chumvi.

Kikao kilikuwa Februari. Halvorsen akaketi,
akamimina maji, hakuyanywa.
"Waheshimiwa, mimi ni tarishi tu.
Nabeba barua za watu.
Tangu lini jina la tarishi likaandikwa ndani ya barua?"
Wakacheka, hasa waliowahi kupokea.
Bi. Tasker hakucheka.
"Tarishi wa kwetu," akasema, "huacha barua mlangoni akaenda zake.
Wewe huingia, ukakaa, ukala,
na kesho mswada unabadilika aya ya pili."

Mkono mtupu haulambwi.
Wake, sote tuliuona,
ulikuwa umelowa mate hadi kiwiko.

Mswada ulianguka mara mbili.
Mara ya tatu ukapita kwa kura moja,
na kura hiyo, sitaipamba,
ilikuwa ya seneta mzee aliyegombana na Halvorsen
juu ya kibanda cha kuvulia samaki kwenye barafu.
Haki nayo huja na gari lolote linalopita.

Fomu mpya zilitoka Aprili, wino bado unanuka.
Mstari wa kumi na nne:
*Michango hii imekusanywa na nani, na jumla yake ni kiasi gani?*
Maneno machache tu.
Yameninyima usingizi kuliko watoto wangu watatu.

Alikuja mwenyewe, akaomba kalamu.
Akaandika: dola elfu kumi, mia mbili na hamsini.
Kisha jina. H ile ile, imelala.
"Haya, Verna. Ni jina tu."
"Ndilo tuliloomba," nikamjibu, nikagonga muhuri.

Mbwa wangu alikufa Machi.
Ofisi nzima, ni yeye peke yake aliyeniletea kadi ya pole.
Ninayo hapa, kwenye droo ya bahasha,
na mwandiko wake juu yake.
Sijajua bado niiweke faili gani.